Tupime Kwanza, Kisha Tuseme



Jumamosi inayokuja wajumbe wa kilasi zote watakutana kuamua juu ya feza ya sanduku la taa. Feza hiyo imefika dola 60, na kila mmoja wetu anajua namna ilivyopatikana: kidogo kidogo, kwa watu wa hapa Kalembe wanaoleta simu zao kwetu kuweka moto. Nimesikia bwenini na kwenye njia ya maji kwamba wengi wamekwisha kuamua moyoni mwao. Wanataka batiri ya pili. Mimi naomba ruhusa ya kusema neno lingine. Nasema tununue multimetri kwanza, na batiri baadaye. Nitaeleza sababu yangu bila kuficha kitu, hata ile sehemu inayonipa haya.

Kwa wadogo wetu wa kilasi za chini: multimetri ni kile chombo cha fundi wa redio chenye kioo cha namba, kitufe kikubwa cha kuzungusha, na nyuzi mbili, nyekundu na nyeusi. Kinapima mambo matatu hasa. Volti ni nguvu inayosukuma umeme. Amperi ni wingi wa umeme unaopita. Omu ni kipimo cha namna kitu kinavyouzuia umeme usipite. Fikiria mpira wa maji unaotoka kwenye pipa: pipa likiwekwa juu zaidi maji yanasukumwa zaidi, hiyo ni volti, maji yanayopita ni amperi, na mpira ukiwa mwembamba au umekunjwa, hiyo ni omu.

Sasa kisa chenyewe. Muhula uliopita taa za etidi zilizimika jioni moja, ghafula, kilasi yote ikapiga kelele. Siku ile aliyekuwa na zamu ya kuweka moto kwenye simu ni mdogo wetu mmoja wa kilasi ya tatu. Nilimwita. Alisema, "Kapita, mi sikugusa kitu, njo vile niliikuta." Mimi sikumwamini. Watu kumi walikuwa nyuma yangu wakisema, "Ni yeye ameua batiri, aliweka simu nyingi." Nikaandika jina lake katika raporti, na raporti ikasomwa mbele ya wote asubuhi kwenye mistari. Akafyeka majani siku tano. Wazazi wake wakaombwa kulipa nusu ya bei ya batiri, na mama yake akaja na kuku wawili wa kuanzia deni.

Juma lililofuata tuliita fundi kutoka soko aje kuchukua ile batiri iliyokufa, kama atapata cha kuuza ndani yake. Yeye hakuibeba mara moja. Alichomoa multimetri yake kutoka mfukoni, akagusa nguzo mbili za batiri. Kioo kikaonyesha volti 12.5. Akatucheka. "Nani alisema hii imekufa? Iko muzima." Akafuata waya pole pole. Kabla ya fizibili, ule waya mwembamba ndani ya kioo unaokatika ili kulinda vingine, kulikuwa volti 12.5. Upande wa pili wa fizibili: sifuri. Fizibili ilikuwa imekatika. Akaendelea kufuata waya mpaka karibu na mlango, akaonyesha mahali ulipopita juu ya ncha ya bati. Bati lilikuwa limekula mpira wa waya, waya mbili zikagusana, na fizibili ikafanya kazi yake. Dakika kumi tu. Fizibili mpya ilikuwa ya franka 500.

Yule mdogo alisema kweli. Kuku wamerudishwa, na mimi mwenyewe nilikwenda kuomba msamaha kwa mama yake. Lakini raporti ilisomwa mbele ya watu wote, na msamaha wangu ulisemwa uani mwa nyumba yao tu. Kwa hiyo nauandika hapa ili wote wausome: mdogo wetu hakuua batiri. Ni mimi nilihukumu bila kupima.

Tangu siku ile ninajiuliza: ni vitu vingapi tumetupa au kununua kwa kubahatisha? Redio ikinyamaza tunasema, "Batiri." Taa ikififia tunasema, "Pano ni mbaya." Simu ikikataa moto tunamtazama aliyeishika mwisho. Neno "imekufa" halina gharama kwa anayelisema; analilipa mwingine.

Watu wa zamani walipata taabu hii kabla yetu. Umeme hauonekani kwa macho. Yule aliyetuachia jina la omu, Georg Simon Ohm, alikuwa mwalimu wa sekondari mjini Cologne, Ujerumani. Mwaka 1827 alitangaza kanuni tunayoiandika ubaoni katika fizikia: volti ni amperi mara omu. Karibu miaka mia baadaye Mwingereza Donald Macadie, fundi wa Posta, alichoka kubeba vyombo vitatu mbalimbali kila alipokwenda kutafuta kosa kwenye nyaya za simu. Akaviunganisha katika sanduku moja, likaanza kuuzwa mwaka 1923 kwa jina la Avometer: A ya amperi, V ya volti, O ya omu. Multimetri zote za leo ni wajukuu wa sanduku lile.

Na tusiseme kwamba mambo haya ni ya Ulaya tu. Kenya, katikati ya miaka ya 1980, Karamugi Harambee, shule ya sekondari ya eneo la Mlima Kenya, iliwekewa taa za jua. Waliosimamia, Harold Burris na Mark Hankins, waliwafundisha mafundi wa palepale kufunga na kutengeneza vyombo vile, na biashara ya pano ikaenea katika vijiji vya Kenya. Lakini soko likikua, na udanganyifu unaingia. Mwishoni mwa miaka ya 1990 watafiti walipima pano ndogo katika nyumba za watu kule Kenya, wakakuta nyingine zinatoa karibu na yale yaliyoandikwa nyuma yake, na nyingine chini sana. Kwa macho zote zilifanana. Mwenye nyumba hakuweza kujua, kwa sababu hakuwa na kipimo.

Sisi hapa tumekaa kati ya Masisi na Walikale. Kolta inachimbwa Rubaya, na madini ya bati yanachimbwa Bisie. Kolta inaingia katika vipande vidogo vya simu na redio, na bati ndiyo inayolehemu vipande hivyo. Vinaondoka hapa ndani ya magunia, kisha vinaturudilia vikiwa chombo cha namba, nasi tunakitazama mkononi mwa fundi kama dawa ya mganga. Hakuna uganga ndani yake. Mwenye kujua kujumlisha anaweza kujifunza kukitumia.

Basi, kama mkutano utakubali, tununue cha namna gani? Nimeuliza mafundi wawili na mwalimu wetu wa fizikia, na nimejaribu vyombo vyao. Haya ndiyo niliyoyapata.

Kwanza, ile ndogo ya njano yenye maandishi DT830, inayouzwa kila mahali, siyo takataka. Kwa batiri ya redio na ya pikipiki inasema vizuri. Lakini itazameni kwenye tundu la amperi 10: kwa nyingi utakuta neno la Kiingereza "unfused", maana yake tundu lile halina fizibili. Ukikosea hapo, hakuna kinachokatika ila waya za chombo, na pengine ngozi ya vidole vyako. Kwa shule yenye watoto wengi wanaojifunza, tuchague ile ya bei ya katikati, yenye fizibili kwenye matundu yote. Niliambiwa dola 18. Fluke za Marekani zina sifa kubwa, lakini bei ya nyingi inapita feza ya sanduku letu, na kazi yetu haihitaji chombo cha namna hiyo.

Pili, tutazame kama inapima amperi za umeme wa batiri na wa pano, siyo za jenereta peke yake. Kuna multimetri za koleo, zinazokumbatia waya bila kuukata. Ni nzuri, lakini zile za bei ndogo mara nyingi zinapima amperi za umeme wa jenereta tu. Kwa taa zetu za jua hazitasaidia kitu upande huo.

Tatu, iwe na sauti. Ukigusisha ncha mbili kwenye waya mzima, chombo kinalia. Sauti hii ndiyo itakayotafuta waya uliokatika hata gizani, bila kutazama kioo.

Nne, tuijaribu pale pale dukani. Gusisha ncha mbili pamoja kwenye omu: namba ishuke chini ya 1. Ikirukaruka, nyuzi ni mbovu, na nyuzi ndizo zinazokufa mbele. Kisha pima jiwe jipya la redio: linapaswa kupita volti 1.5 kidogo. Mwenye duka akikataa usijaribu, rudisha feza mfukoni.

Tano, tuulize inakula jiwe gani. Nyingi zinatumia jiwe la mraba la volti 9. Jiwe hilo likichoka, chombo cha bei ndogo kinaanza kusema uongo: kinaonyesha volti nyingi kuliko zilizopo. Alama ya batiri ikitokea kwenye kioo, tusiamini namba yoyote mpaka tubadilishe jiwe.

Wengine wenu wanaotazama video kwenye simu wananiambia juu ya osiloskopu, chombo kinachochora umeme kama mawimbi. Ni chombo kizuri sana. Lakini mtu asiyejua kupima batiri anakitafutia nini? Kwa sasa, pamoja na multimetri, tunahitaji vitu viwili tu: fizibili kumi za akiba, na ampuli ya pikipiki ya volti 12 iliyofungwa nyuzi mbili. Ampuli hii ni rafiki wa multimetri, nami nitasema kwa nini.

Multimetri inakunywa umeme kidogo sana inapopima volti. Kwa hiyo batiri mgonjwa aliyepumzika anaweza kuonyesha volti 12.5 kama mzima. Mpe kazi: mfungie ampuli ya wati 35, inayovuta karibu amperi 3, huku ukitazama kioo. Mzima atashuka kidogo na kusimama. Mgonjwa ataporomoka upesi chini ya 11. Ni kama kwa watu: aliyeketi kivulini huwezi kujua nguvu zake mpaka umtwike mzigo.

Namba za batiri ya risasi na asidi ya volti 12, ikiwa imepumzika saa chache bila kuchajiwa wala kutumika, mziandike kwenye daftari zenu: karibu 12.6 au 12.7 imejaa, karibu 12.2 imefika nusu, karibu 11.9 imekwisha. Anayeendelea kuikamua chini ya hapo anaiua. Na kuiacha tupu kwa muda mrefu ni kuiua vilevile. Vita vilipofika hapa Kalembe Oktoba 2024, tulikimbia, na hakuna aliyefikiri juu ya batiri. Tuliporudi, batiri ya ampli ilipimwa: volti 9.8. Tuliichaja siku nzima, tukampa ampuli, akaporomoka. Ile ilikuwa imekufa kweli, na siku ile hakuna aliyegombana na mwingine, kwa sababu wote tuliona namba.

Pano nayo inapimika. Pano yetu imeandikwa wati 100. Mchana wa jua kali, bila wingu, ikiwa imefunguliwa kutoka kwa vyombo vyote, pano ya namna hii inaonyesha karibu volti 21 au 22, na amperi zake zikipimwa moja kwa moja zifike karibu 6. Fundi alipopima yetu saa sita mchana alipata volti 21 vizuri, lakini amperi 2.4 tu. Maana yake wati zake ni kama 40. Sasa mnaona? Hata tukinunua batiri ya pili Jumamosi, pano hii haitaweza kuzijaza zote mbili. Zitabaki nusu tupu usiku kwa usiku, na baada ya mwaka tutakuwa na batiri mbili zilizokufa badala ya moja. Hii ndiyo sababu yangu kubwa. Wanaotaka batiri hawakosei kutamani mwanga. Wanakosea mahali pa kuutafuta.

Lakini chombo kikinunuliwa, kisiwe cha kuchezea. Naomba sheria hizi zibandikwe ukutani:

1. Kabla ya kugusa, jiulize: napima nini? Zungusha kitufe mahali pake, kisha tazama uzi mwekundu uko katika tundu gani.

2. Kama hujui ukubwa wa kitu, anza kwenye namba kubwa, kisha shuka.

3. Amperi za taa zinapimwa kwa kukata njia na kuufanya umeme upite ndani ya chombo. Kamwe usiweke chombo kwenye amperi na kugusa nguzo mbili za batiri. Pano ina kikomo chake. Batiri inaweza kutoa mamia ya amperi kwa mara moja. Waya unayeyuka, na gesi inayotoka kwenye batiri inayochajiwa inaweza kulipuka kwa cheche moja.

4. Amperi za pano zisipimwe kupita sekunde 10. Funika pano kwa kitambaa unapofunga na kufungua nyuzi.

5. Omu na sauti ni kwa kitu kisicho na umeme. Zima, fungua batiri, kisha pima.

6. Ukimaliza amperi, rudisha uzi mwekundu kwenye tundu la volti siku ileile. Anayesahau anamtegea mwenzake mtego.

7. Umeme wa jenereta, volti 220, mwanafunzi asiupime bila mwalimu kusimama pale. Maandishi ya usalama, CAT II au CAT III, yanaonyesha chombo kiliundwa kwa mahali gani pa umeme mkubwa. Lakini kuyaandika ni rahisi, na kwenye vyombo vya bei ndogo tusiyawekee maisha yetu.

8. Kila kipimo kiandikwe katika daftari: tarehe, saa, kitu, namba, na jina la aliyepima.

Najua maneno mtakayonijibu. Wa kwanza atasema, "Multimetri haiwashi taa." Ni kweli. Hata ile fizibili ya franka 500 haiwashi taa, lakini bila kujua imekatika tulikaa gizani juma zima, tukiwa na batiri nzima chini ya meza.

Wa pili atasema, "Fundi anayo, tumwite." Fundi aliyetusaidia ni mtu wa kweli, namshukuru. Lakini kila kuja kwake ni malipo, na siku nyingine anakuwa safarini Pinga au Mweso. Tena siyo kila fundi ni kama yeye. Mtu anayeuza batiri ndiye unayemwuliza kama batiri yako imekufa: atakujibu nini? Ukiwa na namba yako mkononi, mtazungumza kama watu wawili.

Wa tatu atasema, "Itaibwa, au itaunguzwa na watoto." Hilo nalikubali kuwa ni hatari. Basi ikae katika ofisi, itoke kwa sahihi, na asiitumie mtu ambaye hajaonyesha mbele ya mwalimu wa fizikia kwamba anajua sheria zile nane.

Hesabu ni hii: dola 18 za multimetri, dola 2 za fizibili. Zinabaki dola 40. Tuziache sandukuni zikue mpaka ziweze kununua pano ya kweli, ambayo tutaipima dukani kabla ya kutoa hata franka moja. Batiri ya pili itafuata, na itakuta chakula.

Mimi niko kilasi ya sita. Baada ya mtihani wa Serikali naondoka hapa, na chombo hicho pengine sitakishika tena. Siombi kwa faida yangu. Naomba kwa ajili ya kapita atakayenifuata, ili siku taa zitakapozimika tena, na zitazimika, aende kwanza kwenye batiri na nyuzi mbili mkononi, kabla ya kumwita mtoto wa mtu.

Na pendekezo langu la mwisho: wa kwanza kufundishwa awe yule mdogo wetu wa kilasi ya tatu, kama mwenyewe atakubali. Nimemwuliza. Amesema atafikiri.

Wenu,
Kapita wa wanafunzi, kilasi ya sita